Niliyewafundisha Kushuka kwa Kuzima

Katika maisha yangu nimefungua injini nyingi kuliko nilivyofungua Biblia, na mchungaji wangu analijua hilo. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimetengeneza pikipiki hapa Arusha, karibu yote nikiwa kwenye kibanda kimoja cha mabati pale Sokon One, mpaka macho yalipoanza kunionyesha nati mbili mahali penye nati moja. Sasa nipo nyumbani Nkoaranga na kahawa yangu kidogo, migomba, na magoti yanayolia kama cheni kavu. Ninyi mnaoanza ufundi mnapanda kuja kunisalimia, mnaniita fundi mkuu, mnaniuliza siri za kazi. Siri zipo, nitawapa chache. Lakini iliyo kubwa kuliko zote haihusu spana. Ni kwamba mimi, fundi wenu mkuu, niliwahi kuulizwa kilichomuua mtu, nikakijua, nikasema kingine.

Ngoja kwanza niwaambie nilifundishwa na nani, msije mkamlaumu yeye.

Aliitwa Aloyce, Mchaga wa Marangu, mfupi, mbishi, na fulana yake ungeweza kuikamua ukapata oili ya kutosha kulainisha cheni. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, anafumba macho, kisha anakuambia ringi ipi imechoka. Wiki yangu ya tatu kwake nilifunga injini yote nikabaki na washa moja, kile kipete cha kuweka chini ya nati, mkononi. Nikaitia mfukoni, nikapiga kiki, ikawaka, nikajiona nimeiva. Aloyce alikuwa amekaa kwenye ndoo anakunywa mtori wa ndizi. Akanyoosha mkono bila hata kuniangalia, akasema, "Lete ya mfukoni." Nilifungua injini ile upya, kipande kwa kipande, na chakula changu cha mchana nilikila saa kumi na moja jioni. Hakunipiga wala hakunitukana. Aliniambia tu kwamba mteja hajui tunachofanya sisi, anajua tunachomwambia, na kwamba siku nitakayoanza kumficha mteja nirudi nyumbani nikachunge mbuzi.

Basi shikeni haya machache. Plagi ikitoka nyeusi tii, pikipiki inakula petroli bure, usimuuzie mtu plagi mpya kabla hujatazama kabureta. Cheni iache icheze kwa upana wa vidole viwili, ukiibana sana itakatika mlimani. Petroli ya chupani imwage kidogo kiganjani, ikichelewa kukauka kuna mtu kaichanganya na mafuta ya taa. Na breki iliyoungua mtaijua kwa harufu kabla hamjaifungua, inanuka kwato ya ng'ombe iliyodondokea kwenye makaa. Hiyo harufu sitaisahau, na sababu mtaisikia.

Sasa kuhusu kushuka kwa kuzima. Hili nililibuni mimi, na kwa miaka mingi nilijisifia. Petroli ilikuwa imepanda na waendesha bodaboda wa huku mlimani walikuwa wanalia. Nikawaambia, ninyi kupanda mnapanda kwa petroli, kushuka mnashuka kwa neema ya Mungu, kwa nini mchome petroli mkishuka? Ukifika kichwa cha mteremko funga koki ya petroli, zima swichi, lakini gia ya pili iache ndani na klachi uiachie. Injini haijawaka, ila pistoni bado inapanda na kushuka na ule mgandamizo unaishika pikipiki. Unashuka taratibu mpaka barabara ya lami, breki unazigusa kidogo tu. Ukifika chini unafungua koki na kuwasha. Mara nyingine bomba la moshi lilikuwa linalipuka kidogo, kuku wa watu wanaruka juu ya uzio, sisi tunacheka. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na mwendesha bodaboda huku juu aliyeshuka amewasha. Mkono ulikuwa unaenda wenyewe kwenye ufunguo wanapofika pale juu, wakiwa hata katikati ya maongezi.

Aliyeliweza kuliko wote ni Zefania. Alikuwa jirani yangu, mume wa Mama Neema, mtu mpole asiyegusa pombe, na mteja wangu tangu pikipiki yake ya kwanza. Alikuwa anashuka na mikungu miwili ya ndizi nyuma, amezima, anaimba pambio, na huoni hata jani linadondoka. Nilikuwa nawaambia wengine wakamtazame Zefania.

Kisha ikaja rasimu ya kanuni ya jiji kuhusu bodaboda. Ilisema kwamba ndani ya muda mfupi pikipiki yoyote ya abiria isiyo ya umeme haitaingia katikati ya jiji. Mtu ambaye hakuwepo hawezi kuelewa jinsi tulivyogawanyika. Wenye kuiunga mkono walisema petroli inatunyonya, moshi unawaumiza watoto, na mwenye betri halii tena bei ikipanda. Sisi tulioipinga tulisema umeme wenyewe huku juu unakatika mvua ikinyesha tu, vijana bado wanadaiwa pikipiki walizonazo, na mafundi wa injini tutakula nini. Diwani mmoja alikuwa upande wao, mwingine upande wetu, na kila mmoja alikuwa anautazama uchaguzi. Ilifika mahali kamati ya sendofu ya binti mmoja pale Elerai ilivunjika kwa sababu hawakukubaliana bodaboda za umeme au za petroli ndizo zimsindikize bibi harusi. Mwishowe alisindikizwa kwa pikapu.

Niseme wazi, hata leo naona kanuni ile ililetwa kwa papara. Hoja zetu zilikuwa nzuri na zingeweza kusimama zenyewe. Ndiyo maana nililofanya linaniuma zaidi.

Zefania alichaguliwa kuwa mmoja wa waendesha pikipiki za umeme za majaribio. Alikubali, tena akasimama kwenye mkutano akasema ameipenda, kifua chake kimepona kukohoa. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa mafundi. Nilimwona kama mtu aliyetuuza. Siku moja alikuja kibandani kwangu na ile pikipiki, tairi ya nyuma imepasuka, akanisalimia vizuri, akaomba nimsaidie kuifungua kwa kuwa mota ilikuwa imekaa ndani ya gurudumu lenyewe na hakujua pa kuanzia. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mimi siigusi, awapelekee waliompa. Akasimama kidogo, kama mtu anayesubiri mwenzake acheke aseme alikuwa anatania. Sikucheka. Akaikokota kwenda zake.

Laiti ningeigusa siku ile. Ningelizungusha gurudumu kwa mkono, kama ninavyofanya kwa kila pikipiki, na ningejua jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwambia. Walioileta walimpa kitabu cha maelezo cha Kichina na Kiingereza.

Alikufa asubuhi ya siku ya soko, na mikungu miwili nyuma. Alishuka mteremko wetu uleule aliokuwa anashuka kila siku, akashindwa kona ya chini, akapiga ukingo wa daraja. Mama mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe alimwona akipita kwa kasi, anakanyaga breki, haimbi.

Askari wa usalama barabarani walinijua, wakaniomba niikague. Nilikuta watu wamesimama mbali, hakuna aliyethubutu kuigusa, waliogopa kupigwa shoti. Basi kila kitu kilikuwa kama alivyokiacha. Nilisikia ile harufu ya kwato kabla sijainama, breki za mbele na nyuma zote zilikuwa zimeungua. Kisha nikatazama ufunguo. Ulikuwa upande wa kuzima.

Nilinyanyua gurudumu la nyuma. Nikawasha swichi, taa zikawaka vizuri tu. Nikavuta mafuta, maana hata kwenye ya umeme tunasema hivyo, gurudumu likazunguka, nikaachia, mota ikalishika likasimama. Nikazima swichi, nikalizungusha kwa mkono. Lilizunguka bila kitu chochote cha kulizuia. Nililitazama likizunguka mpaka lilipochoka lenyewe.

Mmeelewa, wanangu? Ya umeme haina pistoni. Ikiwa imewashwa, ukishuka mota inakushika, tena inarudisha chaji kidogo kwenye betri. Ukiizima imekuwa toroli. Zefania alifika kichwa cha mteremko na mkono wake ukaenda kwenye ufunguo kama nilivyoufundisha. Alidhani anatunza chaji; siku nyingine breki zilimtosha, siku ile mikungu ilizishinda.

Askari alipouliza nilimwambia bado natafakari. Nikaenda nyumbani, nikanawa mikono mara tatu.

Baada ya mazishi Mama Neema alikuja kwangu. Ndugu wa mumewe walikuwa wameanza kunong'ona kwamba labda Zefania alikuwa amelewa, labda alikuwa anachezea simu. Alikaa kwenye kigoda akaniuliza jambo moja tu: mume wake alikosea nini. Alisema akijua amekosea atamsamehe, na akijua hakukosea atawafunga watu midomo, ila hawezi kukaa bila kujua. Nilimwambia hakukosea. Hilo lilikuwa kweli. Halafu nikaongeza kwamba ni pikipiki, pikipiki ndiyo iliyomuua. Akalia, akanishukuru. Nilipokea shukrani yake.

Wiki iliyofuata kulikuwa na kikao cha kukusanya maoni kuhusu kanuni. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Diwani wa upande wetu alinivuta pembeni akasema mimi niseme la kitaalamu tu, siasa niwaachie wao. Nilijua anataka nini, na yeye alijua kwamba nimejua. Mama Neema alikaa mstari wa mbele, nguo nyeusi, mikono magotini.

Afisa aliyeileta rasimu alikuwa mwanamke kijana, mhandisi, mpole wa sauti. Akaniuliza kwa heshima kama ile pikipiki ilikuwa na kasoro.

"Ilishindwa kumshika mlimani," nikajibu.

Ukumbi ulivuma. Yule afisa alisubiri watulie. Alikuwa na akili, binti yule, na nadhani alikuwa amekaribia kuujua ukweli.

"Shikamoo tena mzee wangu," akasema. "Ilishindwa ikiwa imewashwa au ikiwa imezimwa?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, wanangu. Neno moja tu lilitakiwa. Nilimwona Mama Neema ananitazama, nikawaona mafundi wenzangu, nikakiona kibanda changu na mabati yake. Na nikaona, niseme ukweli, watu wote wakijua kwamba kushuka kwa kuzima kulitoka kwangu.

"Mimi ni fundi wa injini, mama," nikasema. "Hizi za umeme waulizeni waliozileta."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Mtu akapiga kigelegele. Tulipotoka nje walininyanyua mabegani, mimi na tumbo langu hili, wakanizungusha uwanja mzima. Kanuni ikawekwa kando. Pikipiki za majaribio zikakusanywa, na mafunzo ambayo yule afisa alikuwa ameyapanga kwa waendeshaji yakafutwa pamoja nazo. Kwenye taarifa waliandika hitilafu ya chombo.

Lakini pikipiki za umeme hazikuwa zinasubiri kanuni. Zilikuja zenyewe, kupitia madukani, mtu mmoja mmoja. Petroli ilizidi kupanda, wale wale waliopiga makofi wakaanza kuzinunua. Niliziona zinapanda mlimani kwetu, moja, tatu, saba, na kila niliyemwona akipita nilijiambia kesho nitamsimamisha. Nilijiambia pia kwamba za sasa labda zimetengenezwa tofauti. Kuna siku nilijificha nyuma ya migomba ili mwendeshaji mmoja asiniulize kitu.

Godlisten, kijana wa bodaboda niliyemfundisha kushuka, alianguka na ya umeme kona ileile. Yeye alikuwa peke yake, hakuwa na mzigo, hakufa. Alivunjika mgongo. Nilikwenda kumwona nyumbani kwa mama yake, amelazwa kwenye godoro chini ya dirisha, miguu imefunikwa blanketi na haisogei. Mama yake aliniletea kiti na chai, akanishukuru kwa kuja. Godlisten alinisalimia shikamoo, halafu akauliza bila hasira yoyote, kama mteja anayeuliza habari ya kabureta yake.

"Fundi, nilizima pale juu kama ulivyotufundisha. Mbona haikushika?"

Chai ile sikuinywa. Nilimweleza yote palepale, kuhusu mota, kuhusu ufunguo wa Zefania, kuhusu kikao. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuza uso kuelekea ukutani. Mama yake alichukua kikombe akakirudisha jikoni kikiwa kimejaa, na hakurudi tena kukaa na mimi.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Neema. Alikuwa nje, anamenya ndizi za kupika. Nilibaki nimesimama, sikustahili kigoda chake. Nilipomaliza kusema hakulia. Aliendelea kumenya, ganda moja, la pili, la tatu.

"Kwa hiyo siku ile alikuwa anakutii wewe," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Na mimi nimezunguka kijiji kizima nikisema uongo wako kwa mdomo wangu." Akaweka kisu chini. "Kaseme mahali penye watu wengi. Mimi sitakusindikiza."

Jumapili, baada ya ibada, watu walipotoka nje kwenye mnada wa sadaka za mazao, nilimwomba mzee wa kanisa anipe nafasi. Alikuwa ameshika jogoo wa mtu mkononi, akanipisha naye bado amemshika. Nilisema kila kitu, tangu koki ya petroli hadi swali la yule afisa. Nilisema mwenye pikipiki ya umeme asizime akishuka, asizime hata akiona chaji imebaki kidogo. Nilisema Zefania hakuwa mlevi wala mzembe, aliuawa na mazoea niliyompa mimi, na Godlisten kavunjwa na ukimya wangu.

Nilitegemea watanipiga mawe au watanisamehe. Hawakufanya lolote kati ya hayo. Kijana mmoja wa bodaboda ya petroli, mmoja wa wale walionibeba mabegani, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba wenye umeme wameshamnunua fundi. Wengine wakaguna kukubali. Mwenye pikipiki ya umeme naye akasema mzee anatafuta namna ya kuzichafulia tena jina pikipiki hizi wakati biashara ni nzuri. Dakika mbili hazikupita, walikuwa wanabishana wao kwa wao kuhusu kanuni, kana kwamba rasimu ililetwa jana. Mzee wa kanisa akampandisha jogoo juu, mnada ukaendelea. Mama Neema alikuwa ameshaondoka.

Tangu hapo kila asubuhi naenda kichwani mwa mteremko, nakaa kwenye jiwe, nanyoosha mkono kwa kila pikipiki ya umeme inayopita. Wapo wanaosimama. Wananisalimia shikamoo, wanasikiliza, wanasema sawa fundi tumekuelewa. Wengine wananipigia honi tu na kupita. Zile za petroli nilikuwa nazijua, zikifika hapa nasikia injini inakata, najua huyu kazima. Hizi hazina mlio, ziwe zimewashwa au zimezimwa. Zinanipita kimya, zinashika mteremko, na mimi nabaki nimesimama pale nikisikiliza upande wa kona, sijui nani amezima.